Manusura wa Lost na Jokofu la Jikoni Kwetu

Katika nyumba za wauguzi hapa Riyadh, ukiuliza "wewe ni wa Jack au wa Locke?" unaweza kuharibu kahawa ya Ijumaa nzima. Tamthilia yenyewe si mpya. Lost ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2004 ikaisha Mei 2010, misimu sita, na vijana wetu wanaihesabu kuwa ya kizee. Lakini kila wakija wauguzi wapya yupo mmoja aliyeibeba kwenye kompyuta yake, na baada ya wiki mbili nyumba imeshagawanyika.

Kwa ambaye hajaiona: ndege inayotoka Sydney kwenda Los Angeles inakatika vipande angani na kuangukia kisiwa kisichojulikana. Kwenye kipande cha katikati wanatoka watu 48 wakiwa hai, wengi wao hawajuani hata kwa jina. Zimwi la moshi na mafumbo ya kisiwa ndiyo yaliyoipa sifa, na mwisho wake bado unawagombanisha watu. Hayo mimi nayaacha. Kinachonirudisha ni jinsi watu wale wanavyoungana na kugeukana, maana nimeishi nyumba za pamoja miaka tisa, mitano Jeddah na minne hapa, na nina hakika wengi wao nimewahi kupanga nao.

Ugomvi mkubwa wa mwanzo ni wa mahali pa kukaa. Jack, daktari wa upasuaji, amepata mapango yenye maji safi na anataka watu wahamie huko. Kate na Sayid wanabaki ufukweni, kwa sababu meli ikipita ni nani atakayekuwa karibu na moto wa ishara? Hakuna mwenye kosa hapo. Anayehamia pangoni amekubali moyoni kwamba safari imekuwa ndefu. Anayebaki ufukweni bado anangoja kuchukuliwa.

Nyumba ya wahamiaji ina pande hizo hizo mbili. Kuna dada anayenunua zulia, mapazia na mashine ya kusagia nazi. Kuna mwenzake ambaye nguo zake ziko kwenye sanduku mwaka wa nne sasa, kwa kuwa "mwakani naondoka." Waambie hao wawili wachangie mkataba wa intaneti wa miaka miwili, ndipo utakapojua nani wa pangoni na nani wa ufukweni.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Sun na Jin, mke na mume Wakorea. Jin hajui Kiingereza. Siku za mwanzo anamvamia Michael, Mmarekani mweusi aliye na mtoto wake Walt, akampiga mbele ya watu wote. Hakuna anayejua sababu, na Jin hawezi kuieleza. Anafungwa pingu kwenye mabaki ya ndege. Kumbe ugomvi ulikuwa wa saa: Michael aliiokota, nayo ilikuwa ya baba yake Sun. Anayemweleza Michael ni Sun mwenyewe, kwa Kiingereza safi alichojifunza kwa siri, hata mumewe hajui. Baadaye jahazi alilolijenga Michael linaungua moto, lawama inamwangukia Jin, anapigwa, na Sun hawezi tena kunyamaza. Anapaza sauti kwa Kiingereza kumtetea. Tazama uso wa Jin wakati ule. Ameokolewa na ameaibishwa kwa sentensi ile ile.

Sisi tunaofanya kazi kwa lugha tatu kwa zamu moja tunaelewa. Wodini ni Kiingereza, na Kiarabu cha kumuuliza mgonjwa kinauma wapi. Kiswahili kinangoja tukifika nyumbani. Katika nyumba moja ya Jeddah tulikuwa saba, wanne kati yetu Waswahili, na dada mmoja Mfilipino alikaa nasi miezi minane akila kimya mezani. Siku wawili walipokuwa wanasemana kuhusu zamu yake ya kuosha vyombo, akasema taratibu, "Nimeosha jana usiku." Kwa Kiswahili. Kabla ya kuja alikuwa amefanya kazi na Wakenya miaka mitatu. Mezani palikuwa kimya, kisha mkubwa wetu akacheka mpaka akalia, na tangu siku hiyo yule dada akawa hakimu wa nyumba, kwa kuwa yeye hakuwa wa upande wowote.

Jin naye, baada ya aibu ile, anakwenda kumsaidia Michael kujenga jahazi la pili. Aliyeunguza la kwanza alikuwa Walt, mtoto wa Michael mwenyewe, ambaye hakutaka kuondoka kisiwani.

Sawyer ni mtu wa jokofu. Anakusanya kila kitu kilichotoka kwenye mizigo: sigara, dawa, vitabu. Ukitaka unalipa. Kwa hiyo Shannon anapobanwa na pumu na pampu zake hazionekani, wote wanajua nani kazificha. Sayid, aliyekuwa mwanajeshi wa Iraq, anamtesa ili aseme. Hazikuwa kwake. Alikuwa ameshachukiwa kiasi kwamba aliona afadhali aendelee kuchukiwa kuliko kujieleza, na Sayid akaondoka kambini peke yake kwa aibu ya alichofanya.

Hapa muuguzi aseme neno. Sun anamtuliza Shannon kwa majani ya mkaratusi, na kwenye tamthilia inafaa. Mama mwenye mtoto wa pumu usiige. Msimu wa vumbi hapa Riyadh tunawapokea watoto wengi kitengo cha dharura, na harufu kali huwabana wengine zaidi. Pampu ya kufungua kifua iwe mfukoni, iwe na dawa ndani, na kila mtu wa nyumba ajue ilipo, hata yule usiyesemezana naye.

Sasa Jack na Locke. Jack anaamini mikono yake, Locke anaamini kwamba kisiwa kimewaita. Boone anapoanguka akiwa na Locke na kuumia vibaya, Jack anajitoa damu yake mwenyewe na kumwekea kwa mwiba wa urijojo. Sisi ambao hatutundiki chupa ya damu bila wauguzi wawili kuhakiki jina na namba kitandani huwa tunafumba macho. Sun, akiwa msaidizi wake, ndiye anayemwambia kwamba inatosha. Daktari hataki kusikia. Boone mwenyewe ndiye anayemwomba amwache afe. Wenzangu wa upande wa Jack wanasema alipigana mpaka mwisho. Mimi huwa namtazama Sun. Kila zamu ina mtu kama yeye, na mara nyingi si mwenye cheo.

Msimu wa nne unapoanza kambi inapasuka kabisa, na Hurley, rafiki wa kila mtu, anamfuata Locke. Hamfuati kwa kuwa anampenda. Rafiki yake Charlie amekufa akiwaonya kwamba watu wa ile meli si wale waliodhaniwa, na Hurley hataki onyo lile lipotee bure. Kwangu hiyo ndiyo sababu safi kuliko zote zilizotolewa siku ile.

Dada wetu wa Kampala hataki habari za Jack wala Locke. Yeye ni wa Rose, mama aliyekataa kuamini kwamba mumewe Bernard amekufa, na kweli akaja kumpata. Wale wawili mwishowe wanajijengea kibanda mbali na wote, na mbwa Vincent, na vita vikipita mlangoni wanakataa kutoka. "Na chai walikuwa nayo," dada huyo hutukumbusha, kila mara tunapoanza kugombana.