Motokaa Nyepesi Iliyoungwa kwa Mikono, na Jinsi ya Kuitunza

Huko Uingereza iko motokaa ambayo mtu huinunua ikiwa vipande vipande, kisha huiunga mwenyewe katika banda la nyumba yake. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Lotus Seven, iliyobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka wa 1957. Ina viti viwili tu, kifuniko chake ni cha turubai, na uzito wake ni kama kilo 500. Morris Minor, iliyokuwa motokaa ndogo ya jamaa katika miaka ile, ilizidi kilo 700. Tangu mwaka wa 1973 motokaa ya namna hii imeendelea kutengenezwa na kampuni ya Caterham.

Sababu ya kuuzwa vipande ilikuwa kodi. Siku zile motokaa iliyokamilika ilitozwa kodi ya ununuzi, bali vipande havikutozwa, mradi muuzaji asimpe mnunuzi maelezo ya kuviunga. Husimuliwa kwamba Lotus walitoa maelezo ya jinsi ya kuifungua motokaa, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo! Nafuu hiyo ya kodi ilikoma mwaka wa 1973, lakini desturi ya kujiungia motokaa haikukoma.

Jambo la kwanza ambalo mwenye motokaa hii hana budi kulielewa ni kwamba wepesi wake umepatikana kwa kuondoa kila kisichohitajiwa. Kilichobaki chote kina kazi. Katika motokaa nzito bolti moja ikilegea, nyingine huweza kuichukulia mzigo kwa muda. Katika hii huenda hakuna nyingine. Tena, haikufungwa kiwandani na mafundi wenye mkaguzi nyuma yao. Ilifungwa na karani, au mwalimu, au daktari, jioni baada ya kazi. Motokaa mbili zenye jina moja zaweza kutofautiana sana, kwa kuwa kila moja ina mkono wa mtu wake. Mtu anayenunua iliyokwisha kutumika na aulize ni nani aliyeiunga, na kama aliandika kumbukumbu za kazi yake, kabla ya kuuliza inakwenda mbio kiasi gani.

Baada ya safari za kwanza, nati na bolti zote za magurudumu, za usukani na za mikono ya springi hukazwa upya, maana vipande vipya hujikalia mahali pake na kulegeza vilivyoshikwa. Wengi hupiga mstari mdogo wa rangi juu ya nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka, nayo huonekana kwa kutazama tu. Nati zenye duara la naeloni ndani hazifai kurudishwa zikisha kufunguliwa mara nyingi; bei yake ni ndogo, na mtu asione uchungu kununua mpya.

Kisha na itazamwe fremu, ambayo ni mabomba membamba ya chuma yaliyofunikwa kwa mabati ya alumini. Ufa huanza mara nyingi penye kiungo, na dalili yake ya kwanza ni uzi mwembamba wa kutu uliopenya rangi. Ribiti iliyozungukwa na vumbi jeusi imelegea na inasuguana na bati. Tena chuma na alumini vikigusana mahali penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Na barabara za Uingereza hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Kuiosha chini ya tumbo baada ya safari ya namna hiyo ni kazi ya lazima.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni ndogo nayo imejificha. Lotus Seven nyingi, na Caterham za zamani, zina mihimili ya magurudumu ya mbele iliyotokana na motokaa za Triumph. Chini ya mhimili kuna kipande cha shaba nyeusi chenye skrubu ndani yake, na mhimili huzunguka humo kila dereva anapopinda usukani. Kipande hiki hutaka mafuta mazito ya gia, wala si grisi. Watu wengi hutia grisi kwa kuwa bomba la grisi liko karibu, lakini grisi huganda na kuziba njia. Maji huingia, chuma hula kutu, skrubu huisha, na siku moja mhimili hukatika na gurudumu kulala chini.  Mafuta ya senti chache, yakitiwa mara kwa mara mpaka yatokeze, huzuia hayo yote.

Motokaa ikikataa kuwaka, fundi mbaya hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka fedha zimwishie. Fundi mzuri huuliza kwanza: ni umeme uliokosekana, au ni petroli? Katika injini ya zamani yenye kabureta, plagi ikitolewa baada ya kujaribu kuwasha hutoa ushahidi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Na ifuatwe njia yake kurudi nyuma, kabureta, pampu, kichujio, hata tangi. Ikiwa imelowa, petroli inafika ila cheche ni dhaifu au petroli imezidi. Kazi hii haifanywi penye moto wala sigara.

Taa nazo zina hila yake. Bawa za magurudumu si za chuma bali za nyuzi za kioo, na kitu hicho hakipitishi umeme. Kwa hiyo kila taa iliyofungwa hapo yahitaji waya wake wa kurudisha umeme, ule ambao mafundi huuita waya wa erthi. Taa ya nyuma ikififia kila mara taa ya kuonyesha kona inapowaka, si balbu iliyoharibika. Waya huo umelegea au umeota kutu, na kuukwangua kwa msasa na kuukaza huponya mara nyingi.

Maji ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, kwa maana hunyonya unyevu wa hewa, nayo yakipata moto hufanya mvuke na kanyagio huzama bila kushika. Na katika kituo cha petroli, mtumishi mwenye nia njema asiachwe ajaze upepo kama anavyojaza motokaa nyingine, kiasi cha ratili 30 kwa inchi mraba. Caterham nyingi hutaka 18 au 20 tu. Zikizidishwa, motokaa hurukaruka barabarani na mipira hushika sehemu ndogo ya njia, hasa penye maji.