Majuma Nane katika Ofisi ya Mikakati

Likizo kubwa ya kiangazi inapokaribia, wazazi wengi wa Lubumbashi na Kolwezi huhangaika ili mtoto wao aliye chuo kikuu apate staji katika kampuni kubwa. Nafasi ikipatikana, nyumbani ni shangwe: suti hushonwa, viatu hung'arishwa. Twafurahi pamoja nao. Lakini twawajua pia vijana waliorudi na karatasi yenye muhuri tu, kwa kuwa majuma nane yote walikaa kitini wakingoja kutumwa.

Leo twataka kusema habari za ofisi ya mikakati, maana wengi hawaijui. Kazi ya mhasibu yafahamika, ya fundi wa mgodini vilevile. Ofisi ya mikakati haichimbi wala haiuzi. Yatafuta njia ambayo kampuni itaishika miaka mitano au kumi ijayo. Je, ijenge kiwanda kipya, inunue mgodi mwingine, au iache biashara fulani? Watu wake ni wachache, lakini shauri lao laweza kumpa kazi, au kumnyima, mtu ambaye hajakanyaga mlango wao hata siku moja.

Tutwae mfano wa kobalti yetu. Mwezi wa pili mwaka 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuipeleka ng'ambo, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Mwezi wa kumi mwaka uleule ikafungua njia tena, lakini kwa vipimo vilivyogawiwa makampuni. Basi kijana aulizwa: "Kampuni yetu ifanye nini na kobalti yake?" Wengi hukimbilia kompyuta na kuandika bei ya mwaka ujao kana kwamba wameiona kwa macho. Afadhali kwanza kumwendea mkubwa, juma lile la kwanza, na kumwuliza kwa adabu: nani atalitumia jibu hili, naye angoja kuamua jambo gani? Haya yaandikwe, mkubwa ayasome. Kuuliza hivyo si utovu wa heshima, ingawa nyumbani tumewafundisha watoto kunyamaza mbele ya wazee.

Kisha swali ligawanywe. Kobalti yetu hutoka ardhini pamoja na shaba. Shaba ikiendelea kuchimbwa, kobalti isiyouzwa itawekwa wapi, na kwa gharama gani? Na bei ikipanda mno, je, wenye kutengeneza magari ya umeme hawatazidi kukimbilia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo? Majibu mengine hayamo ofisini. Apangaye safari za malori kwa ramani tu ataisahau foleni ya Kasumbalesa. Dereva atamweleza kwa dakika tano.

Juma la nne aonyeshe kazi yake, hata ikiwa mbichi, ili ipate kurekebishwa mapema. Na mambo ya ofisi yabaki ofisini, hata shemeji akiuliza.

Mwanafunzi wetu wa zamani alitueleza yaliyompata. Siku mbili kabla ya kusimama mbele ya wakubwa aligundua kwamba alihesabu tani za unga wa hidroksidi kana kwamba zote ni kobalti safi. Kumbe kobalti iliyomo mara nyingi ni kama theluthi tu. Feza zote alizoahidi zikayeyuka. Usiku ule hakulala. Angeweza kunyamaza: michoro ilikuwa mizuri, na hakuna aliyekuwa ameona kosa. Asubuhi akabisha hodi kwa mkubwa wake, akasema yote. Yule bwana alikasirika sana. Kisha akavua koti, akavuta kiti, wakaanza hesabu upya hadi usiku. Siku ilipofika, kijana alisimama na karatasi tatu badala ya ishirini, na ya kwanza ilisema wazi ni tarakimu gani haijathibitishwa bado. Swali la kwanza la wakubwa lilikuwa juu ya tarakimu hiyohiyo, naye alikuwa na jibu.