Idhini na Ahadi: Sheria za Marekani Juu ya Uchotaji wa Maandishi ya Tovuti

Mtungaji wa kamusi wa siku hizi hakusanyi maneno kwa vikaratasi tu. Huituma programu ipite katika kurasa za tovuti na kunakili maandishi yake kwa maelfu. Kazi hiyo twaiita hapa uchotaji. Kwa kuwa tovuti nyingi kubwa ni mali ya makampuni ya Marekani, yafaa tujue sheria za huko zasemaje.

Sheria hizo ni za daraja mbili: za shirikisho, zitawalazo nchi nzima, na za kila jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 juu ya udanganyifu wa kompyuta yakataza kuingia katika kompyuta ya mwingine pasipo idhini. Ubishi wote umelizunguka neno hilo moja. Mwaka 2021, katika kesi ya Van Buren, Mahakama ya Juu iliifananisha idhini na lango: ama li wazi, ama limefungwa. Mwaka 2022, katika kesi ya hiQ na LinkedIn, mahakama ya rufani ilionelea kuwa ukurasa usomwao na watu wote hauna lango. Basi auchotaye yaelekea haivunji sheria hiyo.

Lakini lililo halali kwa sheria moja laweza kuwa kosa kwa nyingine. Mwaka uo huo mahakama ya wilaya iliamua kuwa hiQ ilikuwa imevunja mkataba wake na LinkedIn, na shauri likaisha kwa hukumu ya dola 500,000. Mkataba ni jambo la sheria za jimbo, nao hauulizi lango, bali ahadi. Hata hivyo, ahadi humfunga aliyeitoa tu: mwaka 2024 Meta ilishindwa mbele ya Bright Data, kwa sababu masharti yake hayakukataza uchotaji wa kurasa za wazi bila kuingia kwa akaunti. Tena huko California, atakaye kushtaki kwamba mtambo wake umeingiliwa hana budi kuonyesha madhara. Ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 2003 katika kesi ya Intel na Hamidi.

Yabaki hakimiliki, ambayo ni sheria ya shirikisho. Tangu kesi ya Feist ya mwaka 1991 ni wazi kuwa mambo ya hakika hayana mwenyewe. Bali makala na hadithi zinaye. Kwa hiyo kutangaza idadi ya maneno ni jambo moja, na kuchapa upya maandishi mazima ni jambo jingine. Mchotaji na ajiulize maswali matatu: je, lango li wazi? Je, nimeahidi nini? Je, nitakachokitoa ni changu kukitoa?