Afisa Aliyeogopa Kulala

Wapo askari wasiotetemeka mbele ya risasi, lakini jua linapotua huingiwa na hofu ya kitanda. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza alikuwa hivyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Habari zake zilisimuliwa mwaka 1917 na Daktari W. H. R. Rivers, aliyewatibu maafisa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Jina la mgonjwa hakulitaja.

Afisa huyo alikwenda kumtafuta mwenzake uwanjani, akamkuta amesambaratishwa, kichwa na viungo vimetengana na kiwiliwili. Tangu siku hiyo marehemu akawa anamjia usingizini, mara vile alivyomwona, mara uso na viungo vimeliwa na ukoma, akisogea karibu, karibu zaidi, hata mgonjwa akagutuka ametota jasho. Mchana kutwa aliungojea usiku kwa hofu.

Alikuwa ameshauriwa asiyafikirie kabisa mambo ya vita. Ushauri huo, ndugu askari, sote tumeusikia, na hutolewa kwa nia njema: jikaze, sahau. Rivers aliona kwamba ndio uliokuwa ukimzidishia mateso. Kilichofukuzwa mchana kwa nguvu kilirudi usiku kwa nguvu.

Basi hakumwambia asahau. Alimwonyesha jambo ambalo siku zote lilikuwa mbele ya macho yake: mwili ulioharibika kiasi kile ni ushahidi kwamba rafiki yake alikufa papo hapo, wala hakugaagaa kwa maumivu ya jeraha. Uso wa mgonjwa ukachangamka. Zikapita siku kadhaa bila ndoto. Kisha ndoto ikaja: akamkuta rafiki yake vilevile, akapiga magoti kando yake, akaanza kukusanya vitu vya thamani vya kuwapelekea jamaa zake, kama alivyofanya siku ile yenyewe. Alipokuwa akimvua mkanda, akaamka. Alikuwa akilia taratibu, kilio cha msiba, bila hofu.

Dawa hii haikumfaa kila mtu, na Rivers hakudai hivyo. Afisa mwingine alirushwa na mlipuko wa kombora, uso wake ukaangukia tumbo la maiti lililovimba, likapasuka. Kabla ya kuzimia alitambua kilichomjaa kinywani. Daktari alitafuta katika kumbukumbu hiyo jambo lolote la kushikilia, asilipate. Ikaamuliwa aache jeshi, arudi kuishi mashambani, ambako aliwahi kupata nafuu.