Zaka ya Mahindi na Njaa ya Isimani

Kutoka Tosamaganga hadi Isimani ni safari fupi, lakini ni kama kuhama nchi. Tulipoipita Iringa mjini na kushika barabara ya Dodoma, kijani kilikoma. Mashambani mahindi yalikuwa yamenyauka yangali kwenye mbelewele.

Katika miaka ya 1950 na 1960, Isimani ilisifika kwa mahindi yake. Ardhi ikalimwa bila kupumzishwa, udongo ukachoka. Na sasa mvua ikikosekana, hakuna akiba.

Uwanjani mwa msikiti tulishuhudia magunia ya sadaka yakigawiwa. Majina yalisomwa hadharani, wajane na wazee wakitangulizwa, wala hakuna aliyeulizwa dini yake. Mama mmoja alipokea debe lake, akatuambia kwa upole: "Wanangu, hata mbegu ya msimu ujao tumekwisha kuisaga."

Kauli hiyo ilitufunza kuwa chakula peke yake hakitoshi. Asiye na mbegu leo ataomba tena mwakani. Ni wajibu wetu kupeleka pia mbegu ya mtama, unaostahimili ukame.

Na uwezo tunao. Mazao ya mvua yakifikia wasaki tano, takriban kilo 653, zaka yake ni sehemu ya kumi. Aliyevuna magunia ishirini anadaiwa mawili, nayo hutolewa wakati wa mavuno, si kungojea bei ipande. Tukitimiza hilo, Isimani haitasubiri wafadhili wa mbali ilhali jirani zake wana ghala.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutekeleza.