Namba mbili kwenye kapasita ya pampu

Pampu ya maji ya nyumbani ikinguruma bila kuzunguka, fundi wa Moshi huishuku kapasita kwanza, na mara nyingi hakosei. Kopo lenyewe dogo limeandikwa, kwa mfano, “20 µF 450 V”. Dukani ubishi huanzia hapo: mteja anaamini ya volti 450 ina nguvu kuliko ya 400. Haina.

Anayezijua nduwa za Wachagga, yale mabwawa yanayokusanya maji ya mfongo usiku ili asubuhi yamwagiliwe migombani, ameshafika nusu ya somo. Upana wa bwawa ndio kapasitansi, kina cha maji ndicho volteji, na maji yenyewe ndiyo chaji. Chaji ni kapasitansi mara volteji, basi. Mikrofaradi 20 hazikuambii kapasita imebeba chaji kiasi gani; zinakuambia kila volti moja inaingiza kiasi gani. Na zile 450? Ni kimo cha ukingo. Ukiinua ukingo hujaongeza hata tone.

Kwa nini basi 450, na umeme wa TANESCO ni volti 230? Kwa sababu wimbi hupanda hadi takriban 325 kabla ya kushuka, na ndani ya mota kapasita huweza kukutana na zaidi ya hapo. Kwenye volti 325, mikrofaradi 20 hushika mikrokulombi 6,500.

Ndani mna filamu ya plastiki iliyopakwa metali nyembamba mno. Filamu ikitoboka, metali ya kandokando ya tundu huungua na hitilafu hujifunga yenyewe. Ni ufundi mzuri, ila kila tundu hula eneo. Miaka ikipita, 20 huwa 12: volti zilezile, chaji 3,900 tu, mkondo wa kuanzishia mota umepungua kwa kiwango hichohicho, na pampu inabaki kunguruma.

Nishati yake ni nusu ya chaji mara volteji, maana chaji ya kwanza iliingia kapasita ikiwa tupu na ya mwisho ikasukumwa dhidi ya volti zote 325. Inatoka kama jouli 1. Usiidharau, inaurusha mkono. Zima umeme, unganisha miguu ya kapasita kwa rezista ya kiloomu 10 kwa sekunde chache, ndipo uipime kwa multimita. Iliyoandikwa 20 ±5% ikisoma chini ya 19, nunua nyingine.