Miti Hupiga Stori Chini ya Maji: Cheki Vile Muaa wa Kanyangi Hushikana na Majirani

Kama umewahi pita Kanyangi wakati wa kiangazi, unajua vile jua huchapa. Mbuzi, watu, hata kuku, wote mbio kwa kivuli cha muaa, ule mgunga wenye kichwa kama mwavuli. Chenye labda hujui ni kwamba huo mti uko bize, na hauko solo.

Kwanza, mtandao. Chini ya udongo, nyuzi za kuvu nyembamba kuliko nywele hujishika kwa mizizi. Kuvu huletea mti fosforasi na maji, mti hulipa na sukari. Mwaka wa 1997, Suzanne Simard wa Kanada alionyesha kaboni ikihama kutoka mti mmoja hadi mwingine wa aina tofauti, na ule wa kivulini ulipokea zaidi. Lakini usimezwe na video za TikTok: wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani hupitia kwa kuvu.

Pili, harufu. Mwaka wa 1983, Baldwin na Schultz kule Marekani waliraruza majani ya miche. Miche jirani, bila kuguswa, ikaongeza kemikali chungu kwa majani yake. Yaani ilinusa noma mapema ikajipanga.

Tatu, maji. Utafiti wa 2003 huko Tanzania ulipata kwamba usiku, mizizi mirefu ya muaa huvuta maji kutoka chini na kuyavujisha kwa udongo mkavu wa juu. Si malaika lakini, juu mchana mti wenyewe hunyonya mengi na kushindana na nyasi. Hata hivyo, udongo chini ya migunga mikubwa huwa na rutuba zaidi, na mizizi yake hufuga bakteria wa kuleta nitrojeni.

Sasa fikiria makaa. Mapema 2018, Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti, lakini njaa haisomi sheria, na karo lazima ilipwe. Ukiangusha muaa mzee, unapata magunia mara moja. Kivuli, maganda ya mbuzi na rutuba ya shamba vinaenda na hiyo lori.

Kama ni lazima, kata matawi, wacha shina. Halafu panda mukau, hukomaa haraka na mbao yake ina soko.

Kwenu je, muaa bado umesimama ama ulishageuka makaa?